Faili Lililoitwa Eliana

Kiomboi,
Jumapili, 17 Mei 2026.

Dada yangu mpendwa Eliana,

Shikamoo Dada. Pokea salamu kutoka nyumbani kwangu Kiomboi, ambako baridi imeanza kuuma na kila mtu anakohoa kwa zamu. Mimi ni mzima wa mwili. Mke wangu Damari anakusalimu sana, goti lake linamsumbua lakini halijamzuia kunisema. Vipi huko Itigi? Shemeji Stefano amerudi kutoka kazini relini au bado wanamzungusha huko porini? Na wapwa zangu, Joyce na Hosea, shule inaendaje? Cherehani nayo, ule mkanda uliokuwa unakatika ulipata mwingine? Nijibu yote hayo ukipata nafasi, maana kwenye simu tunazungumza kama watu wanaokimbizwa.

Najua umeshangaa kupokea barua ya mkono. Mtu mwenye kompyuta nne na mashine mbili za kuchapa anakuandikia kwa peni, tena peni yenyewe ya kutikisa. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Mwandiko wangu unaujua tangu ulipokuwa unanishika vidole kunifundisha herufi, kwa hiyo leo hutakuwa na shaka ni nani anayesema. Umeniambia utapanda basi tarehe tano mwezi ujao shule zikifungwa, na kwamba utakuja na ile barua ya Baba niliyokutumia Oktoba, ili isomwe mbele yake na mbele ya baba mdogo. Nakuomba usikate tiketi kabla hujamaliza kurasa hizi. Kuja, nataka uje. Lakini kuna jambo kuhusu barua ile, na nikikuacha upande basi bila kulijua nitakuwa nimekukosea mara ya tatu.

Baba yuko hapa kwangu, hajarudi Ulemo tangu alipopata kiharusi. Anakula uji na wali laini. Upande wa kulia umelala kabisa, na ulimi nao haujarudi, ila masikio na akili vipo vilevile. Yule mwalimu wa zamani hajaenda popote, maana Damari akikosea kusoma Zaburi anamkazia macho mpaka airudie. Mkono wa kushoto una nguvu. Tumepatana naye kwamba akikubana mkono mara moja ni ndiyo, akibana mara mbili ni hapana. Ndivyo tunavyoishi.

Sasa nikueleze mambo ya dukani, hata kama hujawahi kuyapenda. Mwaka jana mwezi wa saba niliitwa Singida mjini kwenye semina ya wenye steshenari. Tukaambiwa kwamba Windows tuliyoizoea, ile ya kumi, inafika mwisho wa kutunzwa mwezi wa kumi, na mashine zetu nyingi ni kuukuu mno kuweza kubeba inayofuata. Kijana mmoja akatuonyesha mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, Linux, wa bure kabisa, ambao unaweza kufufua hata mashine iliyokwisha kukatiwa tamaa. Dada, nilirudi na ule mfumo kwenye flashi kama mtu aliyetoka kuokoka. Nilikuwa nimechoka na virusi vya flashi za wateja, nimechoka na mashine inayowaka kwa nusu saa, na zaidi ya yote nilikuwa nimechoka na Antipasi.

Antipasi nimeshakutajia, yule niliyesoma naye kozi ya kompyuta, mwenye duka ng'ambo ya barabara pale stendi. Tangu afungue duka tumegombania kila bahasha ya mji huu. Nilipomwambia nahama, alicheka akasema niende tu, kwani mtu wa kwanza kuvuka mto ndiye anayewapimia wenzake kina. Maneno hayo yalinichoma. Siku hiyohiyo nikaagiza bango, nikatangaza kwamba Jumatatu inayofuata duka langu litakuwa la kwanza Kiomboi kwenye mfumo mpya. Nikajipa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kufuta na kuweka upya mashine nne. Hata kanisani sikwenda.

Wa kwanza, ndiyo, nilikuwa. Ila wateja hawakuja kunipongeza. Mwalimu mmoja alileta mtihani wake, majedwali yakahama, maswali yakatoka ukurasa mmoja na nafasi za majibu ukurasa mwingine. Binti mmoja alilia kwa sababu kadi ya kipaimara cha mdogo wake ilibadilika mwandiko. Mji ukagawanyika kama Simba na Yanga, madereva wa bodaboda wasiojua hata kuwasha kompyuta wakawa wanabishana kijiweni kama Windows ni bora au hii yangu ni bora. Wengi walikuwa upande wa Antipasi. Watu hawapendi kujifunza jambo wanapokuwa na haraka ya kuwahi basi, na steshenari kila mtu ana haraka. Mimi nikasimama kidete, nikawa naeleza, natetea, narekebisha majedwali mpaka jicho linakauka. Stumai, binti anayenisaidia kuchapa, aliniambia kwa adabu kwamba mfumo hauna tabu, mwenye tabu ni mimi ninayegombana na kila anayeingia. Alisema kweli.

Na nikumalizie kabisa hadithi hiyo, maana sina nguvu ya kuirudia. Mwezi wa pili mwaka huu Antipasi alivuka barabara kabla sijafagia, akaniomba kwa sauti ya chini nimwekee mfumo huohuo kwenye mashine zake mbili ambazo haziwezi kubeba Windows mpya. Nimeshinda, Dada. Siku hizi hata maswali ya kijiweni yamekwisha, majedwali tumejifunza kuyatuliza, na wateja wanakaa kwenye mashine zangu bila kuuliza zinaendeshwa na nini. Ushindi huo haukuwa na ladha. Nilipokwenda kumwekea, Antipasi alinikataza nisifute chochote mpaka tumefungua faili moja moja, moja moja, kutwa nzima. Kina cha mto alikuwa ameshakijua, na alikijua kupitia kwangu.

Hapo ndipo anapoingia Baba.

Kuanzia mwezi wa tano mwaka jana, Baba alikuwa anakuja dukani kila Alhamisi. Anatoka Ulemo na bodaboda, amevaa koti, anakwenda moja kwa moja kwenye mashine ya pembeni kule nyuma, ile iliyo kuukuu kuliko zote. Alijifunza taipureta ofisi ya shule zamani, kwa hiyo alichapa mwenyewe, vidole viwili. Nikipita nyuma yake alivua kofia akaitundika juu ya kioo cha kompyuta. Nilimuuliza anaandika nini, akanijibu kwamba mwenye barua akiisoma ndiye atakayeamua kama na wengine wasome. Stumai ndiye aliyemsaidia kuihifadhi, akamwekea alama juu ya kioo ili asihangaike kuitafuta, na chini ya alama hiyo kukawa na jina lako kwa herufi kubwa. ELIANA. Niliiona kila siku nikifungua duka. Sikuifungua hata mara moja, na hilo ni jambo pekee katika habari hii ambalo silionei haya.

Alikuja Alhamisi nyingi. Ninachokumbuka ni kwamba alikuwa anafuta zaidi kuliko anavyoandika. Siku moja alikaa tangu asubuhi mpaka wito wa swala ya alasiri, halafu akamuuliza Stumai jinsi ya kurudisha mstari aliokwisha kuufuta. Najua pia alimtuma shangazi hapo Itigi akuambie kwamba anakuandikia. Miaka kumi na tisa hamjasemezana, Dada. Hata siku tuliyomzika Mama ulitupia udongo wako ukaondoka na gari la mchana. Mtu kama Baba kukutumia salamu ile, hata mimi nilielewa kwamba si jambo dogo.

Ile Jumamosi ya kufuta, mashine tatu za mbele nilizihamisha vizuri. Ya pembeni nikaifanya Jumapili jioni, ya mwisho, nimechoka, bango limeshatundikwa nje. Nikachukua kila kilichokuwa kinaonekana juu ya kioo, nikakinakili kwenye flashi. Nikaona majina yote yapo. Nikaona ELIANA yupo. Nikafuta. Jumanne Baba akaanguka Ulemo akitoka kufungua mbuzi, na kuanzia hapo ilikuwa hospitali, hospitali, hospitali. Flashi ilikaa kwenye droo chini ya risiti.

Mwezi wa kumi ulipopiga simu ukaniuliza kama Baba aliwahi kuimaliza barua yako, nilikujibu kwa furaha kabisa kwamba ninayo, nitaichapa kesho na kuiweka kwenye basi. Asubuhi nikachomeka flashi. Jina likaja. Nikalibonyeza, halikufunguka. Nikalibonyeza tena. Nikajaribu kwenye mashine zote nne. Mwisho nikavuka barabara kwa Antipasi nikiwa nimeishika ile flashi mkononi, mbele ya wateja wake. Aliitazama mara moja tu akaniuliza mbona kila jina lina kishale kidogo pembeni. Hilo ni somo la wiki ya kwanza ya kozi. Ile alama juu ya kioo si faili lenyewe. Ni kielekezo tu, kinachoiambia kompyuta faili liko wapi ndani kwa ndani. Nilinakili vielekezo, halafu nikafuta kule vilikokuwa vinaelekeza. Na mfumo mpya ukawa umeshakaa juu yake wiki nyingi.

Antipasi hakunicheka. Alifunga duka lake, akaipeleka diski ya ile mashine ya pembeni Singida kwa fundi anayemwamini, ikakaa siku mbili. Ilirudi na picha za harusi za watu tusiowajua na vipande vya katiba ya kikundi cha alizeti. Barua ya Baba haikurudi. Haraka haraka haina baraka, Mama alituambia hilo mpaka tukalichoka, na bado sikulisikia.

Dada, sasa nasema. Barua uliyoipokea Oktoba niliiandika mimi.

Niliketi kwenye mashine ileile ya pembeni, nikajaribu kuwa Baba. Niliweka habari za wale maksai wawili, nikaweka kisima cha Ulemo, nikaweka mstari wa Zaburi anaoupenda. Halafu nikaandika kwamba uliondoka bila kuaga na ukamuumiza, lakini yeye ni mzazi, na amekusamehe, urudi nyumbani. Niliona nimekupa kitu kizuri. Niliona hicho ndicho ambacho Baba angekuandikia, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hapa nyumbani habari yako imesimuliwa hivyo, kwamba wewe ndiye uliyeondoka. Nikaweka jina lake chini, Mwalimu Melkizedeki, nikakutumia.

Uliponipigia baada ya wiki mbili ulikuwa na sauti ndogo. Ulisema umeisoma mara tatu. Ulisema hukujua kama Baba anakuona wewe ndiye mwenye kosa, lakini basi, ni mzee na ni mgonjwa, utakuja umshukuru kwa msamaha wake. Nilikata simu nikajifungia stoo ya karatasi. Nilipaswa kukuambia palepale. Nikasema kesho. Zikawa kesho nyingi, mpaka majuzi uliposema unataka isomwe mbele yake.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikaa kitandani kwa Baba upande wa kushoto, nikamwambia yote, tangu kishale mpaka bango. Kisha nikaushika mkono wake wa kushoto. Nikamwambia nitamsomea niliyoandika kwa jina lake, naye anisahihishe. Tulipofika kwa maksai alibana mara mbili. Kwenye kisima mara mbili. Zaburi akaikubali. Nilipofika pale panaposema amekusamehe, alibana mara mbili kwa nguvu, akaachia, akabana tena mara mbili. Macho yalikuwa yamejaa. Dada, nikaona dunia inaniangukia. Nikajua nimekudanganya zaidi ya nilivyodhani, kwamba mzee hajakusamehe na hatakusamehe, na wewe unashona nguo za watoto kwa ajili ya safari.

Damari alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Akanisema, kama kawaida yake. Akaniambia mbona namsomea majibu yangu badala ya kumuuliza. Basi nikamuuliza Baba kama bado ana kinyongo na wewe. Hapana. Nikamuuliza kama ulikosa kuondoka. Hapana. Swali lililobaki nilikuwa nalijua, na lilikuwa linanihusu na mimi. Nikamuuliza kama katika barua ile yeye ndiye alikuwa anakuomba msamaha.

Alibana mara moja, na hakuachia.

Tulimaliza Kidato cha Nne mwaka mmoja wewe na mimi, ingawa wewe ni mkubwa, kwa kuwa ulichelewa kuanza shule ukinibeba mgongoni. Wewe ukachaguliwa Kidato cha Tano. Mimi nilifeli. Baba akauza maksai wote wawili, akasema wa kike ataolewa na wa kiume ndiye atakayeshika nyumba, akanipeleka mimi kozi ya kompyuta. Asubuhi ya tatu ulikuwa umeshaondoka kwenda Itigi kwa shangazi. Nimeishi na jambo hilo miaka yote bila hata siku moja kuliita kwa jina lake. Ada yako ilininunulia kozi, kozi ikanipa duka, na dukani humo nikafuta barua ambayo Baba alikuwa anakuomba radhi kwa ajili ya ada hiyo. Halafu nikakuandikia kwamba umesamehewa. Nisamehe, Dada. Siombi kwa sababu ya kompyuta tu.

Maneno yenyewe ya Baba hayapo tena na hayatarudi. Ile niliyoiandika mimi ichane, au itumie kuwashia moto. Ukiamua usije, nitaelewa, na nitamwambia Baba mwenyewe kwamba kosa ni langu. Lakini ukija, njoo ukae kitandani upande wa kushoto, umuulize wewe. Muulize swali moja moja, usimchanganyie mawili kwa pamoja, na umpe muda, maana anapenda kufikiri kabla ya kubana.

Nisalimie sana shemeji Stefano, mwambie yale maboga tuliyoahidiana yamekomaa. Wabusu Joyce na Hosea, waambie mjomba wao anawadai barua. Shangazi naye umpe shikamoo yangu, nawe umsimulie kadiri utakavyoona inafaa. Damari anasema usisahau kuleta asali ya Itigi, ya hapa tunauziwa imechanganywa. Bahasha hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, atampa mwenzake pale Singida, nawe utaifuata stendi. Mungu awatunze wote hapo nyumbani kwenu.

Mimi mdogo wako uliyenibeba,

Chediel M.

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Baba barua hii yote, tangu shikamoo mpaka asali. Mahali nilipoandika ile methali ya Mama ya haraka alibana mara moja kabla hata sijamaliza sentensi. Nilipofika mwisho nikamuuliza kama niitume hivi ilivyo. Amebana mara moja na mpaka sasa amenishika mkono. Karatasi nimeizuia kwa kiwiko na inateleza, ndiyo maana mistari hii imepinda.